Staring Hafi, Lakini Komiki Zake Tulifungia Njugu

Wasee, wacha nianze na kesi iliyonipata kwetu nyumbani.

Chini ya kitanda changu hapa Umoja kuna katoni mbili. Ndani kuna komiki 62 za kina Spider-Man, Batman na wenzao, kila moja imevalishwa plastiki yake kama suti ya bwana harusi. Nyuma ya kila moja nimeweka kadibodi ili isijikunje. Mvua ikinyesha na maji yakianza kuingia, naokoa katoni kwanza, viatu baadaye. Ukitaka kusoma moja, unanawa mikono, unaikausha, unaniambia unataka ipi, halafu nakukatalia.

Sasa Jumapili moja gesi ikaisha katikati ya maharagwe. Mathe akatoa jiko la makaa, akaanza kutafuta karatasi ya kuwashia. Nilipotoka bafuni nikampata amemshika Superman.

"Mama! Hiyo ni ya kuhifadhi!"

"Kuhifadhi nini, na hata hujawahi kuitoa kwa hii juala? Tena juala si zilipigwa marufuku?"

"Ukiitoa inapoteza bei."

Akaniangalia vile mama huangalia mtoto aliyesomeshwa kwa bidii nyingi na matokeo yakawa haya. "Kwa hivyo ulinunua kitabu ya kutosoma."

Sikuwa na jibu. Nikamnyang'anya Superman kwa adabu, nikampa gazeti la zamani, kesi ikaisha. Lakini hilo swali lilinikalia kooni kama mfupa wa omena, na nilipoanza kulichimba nikajikuta nimerudi nyuma hadi miaka ya 60. Maoni yangu leo ni haya, na najua kuna watu watanuna: sisi watoto wa Eastlands tunalinda mashujaa wa watu wengine kwa plastiki, na mashujaa wetu wenyewe tuliwafungia njugu. Na mshtakiwa nambari moja ni mimi. Utaona.

HESABU YA WAMAREKANI

Tuanze na mzee wao. Toleo la kwanza la Action Comics, la Juni 1938, lilitoka Marekani kwa senti 10. Kwenye kava kuna jamaa amevaa chupi nyekundu juu ya suruali, ameinua gari la mtu juu kabisa na analigonganisha na mwamba. Huyo ndiye Superman. Huku Buruburu mtu akionekana ameinua gari hivyo, hakuna atakayeshangaa. Tutajua tu ni okshonia amekuja kuchukua gari la mkopo.

Mwaka wa 2024, nakala moja ya hiyo komiki ya senti 10 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 6. Piga hesabu ya wakati huo: ni zaidi ya shilingi milioni 750. Kwa karatasi! Mathe angeiwashia jiko tungekuwa tumepika maharagwe ghali kuliko yote duniani.

Bei hiyo inatoka wapi? Si kwamba hadithi ni tamu sana. Ni kwamba zilichapishwa kama nakala 200,000, na leo inakadiriwa zimebaki karibu 100 tu. Zingine zilienda wapi? Zilisomwa zikachanika. Zilitolewa Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja na watoto wakaambiwa wakusanye karatasi kuukuu kusaidia nchi yao. Na nyingi zilitupwa na akina mama waliokuwa wanasafisha nyumba. Mama ni mama, awe Cleveland au Kayole.

Ile komiki ina bei kwa sababu karibu kila mtu aliitupa, na wachache wakakataa.

Halafu ikaja miaka ya 90, na Wamarekani wakasikia habari za hizo bei. Kila mtu akawa mwerevu. Toleo la kwanza la X-Men la 1991 lilichapishwa zaidi ya nakala milioni 8. Mwishoni mwa 1992 wakamuua Superman katika toleo la 75, wakaliuza ndani ya mfuko mweusi kama nguo ya matanga, na watu wakapiga foleni kununua mbili mbili, moja ya kusoma na moja ya kusomesha watoto chuo kikuu. Tatizo ni kwamba kila mtu alihifadhi. Kitu ambacho kila mtu anacho, nani atakununulia? Soko likaanguka, na kufikia 1996 kampuni ya Marvel yenyewe ilikuwa imeenda mahakamani kutangaza kufilisika. Superman naye alikuwa amefufuka zamani, kwa hivyo hata matanga yalikuwa ya uongo.

Na hiyo X-Men ya 1991 ninayo. Niliinunua shilingi 1,500 kwa inama bukshopu moja mjini, muuzaji akiapa kwa nyanya yake kwamba hiyo ni adimu, "zimebaki mbili tu Afrika." Milioni 8, wasee. Kuna Wamarekani wanaziwekea milango isifungwe na upepo.

Kitu cha mwisho kuhusu hawa watu. Tangu mwaka wa 2000 wana kampuni inaitwa CGC, kazi yake ni kupima komiki na kuzipa alama hadi 10, halafu inazifungia ndani ya plastiki ngumu. Ukurasa ukikunjwa, alama zinashuka. Mtu akiandika jina lake ndani, alama zinashuka. Komiki bora kabisa ni ile ambayo ni kama haijawahi kuguswa na binadamu. Ni sawa na kusifu mpira ambao haujawahi kupigwa teke. Hapo Mathe alishinda kesi bila wakili.

SPEAR ALIKUWA ANALIPA KODI

Sasa turudi nyumbani. Mjomba wangu, kaka mkubwa wa Mathe, alikulia Jericho. Alikuwa kijana mwanzoni mwa miaka ya 70, na ukimuuliza shujaa wake ni nani hakusema Superman. Alisema "Spear," halafu anarekebisha kofia ambayo hakuwa ameivaa.

Jina kamili ni Lance Spearman, na jarida lake liliitwa African Film, lililochapishwa na Drum. Haikuwa komiki ya kuchorwa. Ilikuwa ya picha za kamera, waigizaji wa kweli wamesimama wakijifanya wanapigana, na maneno yamewekwa juu ya vichwa vyao. Spear aliigizwa na Jore Mkwanazi wa Afrika Kusini. Alikuwa mpelelezi: kofia ya Panama, tai ya kipepeo, sigara kubwa mdomoni, na gari la michezo aina ya Corvette. Alikuwa na kijana msaidizi anayeitwa Lemmy, na adui mmoja hatari anayeitwa Rabon Zollo. Anapigana na watu wanne, anaanguka kutoka kwenye jengo, na kofia haitoki. Hiyo kofia ndiyo ilikuwa na nguvu za ajabu, mimi nakuambia.

Hapa wacha tucheke kidogo halafu tuache. Picha hizo zilipigwa huko kusini mwa Afrika wakati wa ubaguzi wa rangi, wakati Mwafrika hakuruhusiwa hata kukaa kwenye benchi fulani la bustani. Lakini ukifungua jarida, Spear yuko katika mji ambao mpelelezi ni Mwafrika, mkubwa wa polisi ni Mwafrika, na anayeendesha gari la michezo ni Mwafrika. Hakuna anayemuuliza kipande. Mvulana wa Jericho aliyezaliwa kabla ya uhuru, ambaye baba yake aliwahi kuvaa kipande shingoni mjini humu humu, hakuhitaji mtu anayepaa. Mtu mweusi anayeingia hoteli kubwa kupitia mlango wa mbele tayari alikuwa anapaa.

Marekani nako mwaka wa 1966 Stan Lee na Jack Kirby walikuwa wametunga Black Panther, mfalme wa Wakanda, nchi ya Afrika iliyozaliwa kwa meza moja huko New York. Ilichukua zaidi ya miaka 50 kabla sinema yake kutoka, na Februari 2018 ikafanyiwa uzinduzi Kisumu kwa sababu ya dada yetu Lupita Nyong'o. Nakumbuka hiyo wiki Nairobi. Watu walishona vitenge kwenda kuangalia sinema. Tulivaa nguo za kitaifa za nchi ambayo haipo, na tukalia Wakanda isipate shida, na sisi wenyewe maji ya mfereji yalikuwa yamepotea siku nne. Nilikuwa mmoja wao. Nilikunja mikono kifuani kama wengine. Lakini miaka mingi kabla, Mjomba alikuwa na African Film mkononi na hakuna mtu alimpigia makofi.

Na maoni yangu rasmi: Spear anamshinda Batman. Batman ni mtoto wa tajiri, ana jumba, ana mzee wa kumpikia, ana gari la kutengenezewa. Hata mimi ukinipa hizo doo nitapigana na uhalifu mpaka saa nne usiku, halafu nirudi kulala. Spear alikuwa mtu wa kazi. Ukimwangalia unaona mtu anayelipa kodi ya nyumba, na anayeilipa kwa wakati.

SUPERMAN WA KWETU ALIKUWA JIWE

Hapa nitapita haraka kidogo, lakini shikeni majina. Mwaka wa 1973, Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst walianzisha jarida la Joe hapa Nairobi, lenye vibonzo vya mtu wa kawaida wa mjini anayesumbuliwa na bei ya kila kitu. Lilikufa 1979. Bei ya kila kitu bado inaendelea vizuri. Kwa upande wa Kiswahili kulikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyechekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi. Juha hakuwa shujaa. Alikuwa kinyume cha shujaa, na ndiyo maana kila mtaa ulikuwa na mtu anayefanana naye.

Miaka ya 80 huyo huyo Hirst akaleta Pichadithi, vitabu vya picha vya hadithi zetu za kale. Humo ndimo mtoto wa mjini aliweza kumwona Lwanda Magere kwa macho.

Kama humjui Lwanda Magere, kaa chini. Huyu ni shujaa wa hadithi za Waluo. Mwili wake ulikuwa jiwe. Mkuki ukimpiga unadunda. Maadui zao wakachoka kuzikana, wakatumia akili: wakampelekea binti mrembo aolewe naye. Siku moja Lwanda anaumwa, anamwambia mke amchanje dawa. Mke anajaribu kumchanja mwilini, wembe haupiti. Lwanda anamwambia: chanja kivuli changu. Damu ikatoka kwa kivuli. Mke akafunga virago usiku huo huo, na vita vilivyofuata mkuki ulirushwa kwa kivuli. Lwanda akaanguka, akawa jiwe kabisa.

Sasa linganisha. Superman naye ana udhaifu, anaitwa kryptonite, jiwe la kutoka sayari yao. Ilianzia kwenye mchezo wake wa redio mwaka wa 1943. Yaani Superman ni mtu wa nyama anayeuawa na jiwe, na Lwanda ni mtu wa jiwe aliyeuawa na jua lilipowaka vizuri. Nani mkali hapo? Tena fikiria akiishi Nairobi. Angetoka nyumbani saa sita mchana tu, wakati kivuli kimejificha chini ya miguu. Kazi za usiku angezifanya bila wasiwasi. Angekuwa soja mzuri sana.

Na 1996 Gado, yule mchoraji wa katuni za siasa, akatoa Abunuwasi kupitia Sasa Sema, ya Kiswahili kabisa. Hiyo nayo nenda kaitafute. Ukiipata, usiniambie bei, nitaumia.

STARING HAFI

Lakini tuwe wakweli. Watoto wengi wa Eastlands hawakumjua shujaa kwenye karatasi. Walimjua kwenye kibanda cha video. Mabati, pazia jeusi mlangoni, benchi ngumu, televisheni moja, watu hamsini, na hewa ya watu wanane. Huko shujaa haitwi shujaa. Anaitwa staring. Unaingia umechelewa, swali lako la kwanza si hadithi inahusu nini. Ni "staring ni nani?" Ukishaonyeshwa, moyo unatulia, kwa sababu sheria inajulikana: staring hafi. Adui ana risasi elfu, zote zinapita pembeni. Staring ana sita, zinatosha watu arobaini na chenji inabaki. Baadaye akaja DJ Afro kututafsiria, na mara nyingi tafsiri yake ilikuwa tamu kuliko sinema.

Kutoka huko ndiko tulipopata shujaa wetu mwenyewe, na alizaliwa kwa kusikia vibaya. Mwaka wa 1983, katika sinema ya Sudden Impact, Clint Eastwood anamwelekezea jambazi bunduki na kumwambia "make my day." Maneno hayo yalifika mitaani, yakapita mdomo hadi mdomo, yakang'olewa meno ya Kiingereza, na yalipotulia yalikuwa yamekuwa jina la mtu: Makmende. Ukiruka kutoka kwa ukuta ukaumia mguu, unaulizwa, "Kwani unajifanya Makmende?" Fikiria hiyo. Mzungu alisema sentensi, sisi tukasikia binadamu.

Halafu Machi 2010, Just a Band wakatoa video ya wimbo wao Ha-He, na Makmende akaonekana kwa mara ya kwanza: afro, kitambaa kichwani, na kipigo cha bure kwa kila mtu. Intaneti ya Kenya ikachizi. Watu wakamweka kwenye kava za uongo za majarida makubwa ya dunia, na vituo vya habari vya nje vikaanza kuuliza huyu ni nani. Kila mtu alikuwa na utani wake. Wangu ulikuwa huu, na nilikuwa darasa la nne kwa hivyo nihurumieni: Makmende hashuki mathree, stage ndiyo inamfuata.

BOYIE ALIKUWA BURE, NDIYO SHIDA

Mwaka huo huo, 2010, ndipo Shujaaz ilipotoka. Hii najua wengi wenu mnaikumbuka, na kama huikumbuki muulize kaka yako mkubwa. Komiki ya kila mwezi, ya Sheng, ya bure. Ilikuwa inawekwa ndani ya gazeti la Nation na kugawanywa kwenye maduka ya M-Pesa, nakala mamia ya maelfu. Mwaka wa 2012 ilishinda tuzo ya kimataifa ya Emmy upande wa kidijitali. Emmy! Kwa kazi ya Sheng!

Shujaa mkuu alikuwa Boyie, kijana aliyemaliza shule na hana kazi, ambaye amejitengenezea kituo cha redio chumbani kwake na anaingilia masafa ya FM kisiri akijiita DJ B. Hana misuli. Hana kapu la mgongoni la kurukia. Nguvu yake ni kwamba anaongea na vijana wenzake wanamsikiliza. Na badala ya kuokoa dunia kutoka kwa viumbe wa anga, komiki ilikuwa inakufundisha vitu kama kupaka vifaranga rangi ili mwewe asiwatambue. Mnaweza kucheka, lakini hebu niambieni Thor amewahi kumsaidia nani na kuku.

Nilikuwa nazipata kwa duka la M-Pesa karibu na shule. Nilizisoma zote. Na nilizifanya nini baadaye? Nilifunikia vitabu vya hesabu. Nyingine nilikunja nikaweka chini ya mguu wa meza inayotikisika. Zilizobaki yule mama wa njugu pale stage alizikata vipande, akaviringisha, na kwa miezi kadhaa mtaa wetu ulikula njugu kutoka kwa uso wa Boyie. Unamaliza njugu, unafungua karatasi, unasoma kipande cha stori, na mwisho wake uko kwa mteja mwingine.

Tulisema, si ni ya bure? Si itakuja nyingine mwezi ujao? Hivyo ndivyo Wamarekani walivyosema 1938.

SANDUKU LA BATI

Nimefika mahali nilikuwa nakwepa.

Mjomba alifariki nikiwa kidato cha pili. Baada ya mazishi familia ikakutana ile nyumba ya Jericho kuondoa vitu, na mimi kama kijana mwenye nguvu nikapewa kazi ya kubeba. Chini ya kitanda chake, mahali pale pale mimi naweka katoni zangu leo, palikuwa na sanduku la bati, lile la shule ya bweni. Nikafungua. Majarida. Makuukuu, yanatoa harufu ya panya na mafuta ya taa. Nikafunua moja: picha za rangi nyeusi na nyeupe, mzee amevaa kofia ameshika sigara. Hakuna rangi. Hakuna anayepaa. Nikafunga.

"Hizi nazo?" nikauliza.

Mtu mzima mmoja akasema, "Karatasi tu. Peleka."

Nikapeleka. Nilisukuma mkokoteni mimi mwenyewe hadi kwa mtu anayenunua karatasi kuukuu kwa kilo. Alipima, akanipa shilingi 140. Nilinunua smokie tatu na soda, nikakula nikiwa nimesimama, nikashiba, na sikufikiria tena hilo sanduku kwa miaka mingi. Huo ndio ushahidi dhidi yangu. Mtu ambaye leo anakuambia unawe mikono kabla ya kugusa X-Men iliyochapishwa mara milioni 8 ndiye aliyeuza Spear wa Mjomba kwa kilo.

Desemba iliyopita kabati la Mjomba, ambalo Mathe alilichukua, lilivunjika droo. Nilipoitoa nitengeneze, nikakuta imetandikwa karatasi chini, vile wazee walikuwa wanafanya. Nikaibandua polepole. Kava ya African Film. Spear mwenyewe, kofia iko mahali pake.

Nyuma ya kava, kwa kalamu ya wino wa buluu, mwandiko wa Mjomba wa ujana wake. Orodha ya namba. Nikadhani ni hesabu za deni. Nikamwonyesha Mathe, akacheka mpaka akakaa. Zilikuwa namba za nyumba. Mjomba alikuwa ananunua nakala moja, anaisoma kwanza, halafu inazunguka mtaa. Kila nyumba iliyochukua inaandikwa. Ikirudi, namba inakatwa na mstari. Nilihesabu nyumba 23. Nakala moja! CGC ingeipa nusu alama na barua ya rambirambi.

Namba zote zilikuwa zimekatwa isipokuwa moja. Nyumba 31.

"Huyo wa 31," Mathe akasema akipangusa macho, "si hiyo tu alikaa nayo. Alikaa na hiyo wiki mbili, ikarudi bila kurasa za ndani. Akasema ilianguka kwa choo. Mjomba wako hakuwahi kuamini. Hata wakiwa wazee, wakikutana kwa matanga, alikuwa anamuuliza kwanza: Spear wangu yuko wapi? Halafu ndiyo wanasalimiana."

Nimefikiria hiyo orodha kuliko nilivyofikiria komiki zangu zote 62. Mali yangu haina hata jina moja la mtu mwingine ndani. Hakuna aliyewahi kunidai mwisho wa hadithi. Hakuna atakayeniuliza kwa matanga.

Kwa hivyo, wasee, nawaomba vitu vichache. Kabla mtu wa kilo hajafika, chungulia chini ya kitanda cha mzee wako, nyuma ya kabati, ndani ya droo. Angalia droo mara mbili. Ukipata Spear, Joe, Pichadithi, au Shujaaz ya 2010 ambayo haijaguswa na njugu, usiitupe. Isome. Ipige picha kurasa zote. Muulize mzee aliinunua wapi na nani aliikopa, muulize leo, si baada ya mazishi kama mimi. Na ukiwa Kaloleni au Makadara, kuna maktaba pale ambazo zimekarabatiwa na Book Bunk na zinapendeza. Ingia, keti, na uwaulize kama wanajua Spear ni nani.

Na kama babu yako aliishi Jericho, nyumba 31, tafadhali mwambie kurasa za ndani bado tunazitaka. Hakuna faini.

Mimi nimeshaanza. Nimetoa plastiki zote, na Mathe amepata za kufungia dania. Nyuma ya kila kava nimeanza orodha. Wa kwanza alikuwa mtoto wa jirani, nyumba D9, alichukua Spider-Man Jumanne. Akairudisha Ijumaa, ukurasa wa tisa una mafuta ya chapo, alama ya kidole gumba kabisa, unaweza kumpelekea polisi.

Niliiangalia kwa muda. Kisha nikachukua kalamu, nikapiga mstari juu ya D9, na nikampa ya pili.